Mwamba Ngoma

Liko swali moja ambalo nimetembea nalo kwa miaka mingi, tangu nikiwa kazini hadi leo nikiwa mstaafu. Mtu akitengeneza kitu, kisha akatuambia, "Nimekijaribu, ni kizima," ametuambia nini hasa? Je, ametupa habari za kile kitu, au ametupa habari zake mwenyewe? Wahenga wetu walikwisha kulitazama jambo hili kabla yetu, wakasema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hawakumwita mwamba ngoma mwizi wala mwongo. Walisema tu kwamba mikono yake, hata pasipo kukusudia, huvuta upande wake. Ndiyo maana naamini kuwa kujaribu kazi zetu si suala la ufundi peke yake. Ni suala la maadili, na katika kurasa hizi chache nitajaribu kuonyesha kwa nini.

Sehemu kubwa ya maisha yangu niliitumia katika chuo cha ualimu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kukaa nyuma ya darasa, juu ya kiti kidogo kisichonitosha, nikimwangalia mwanachuo akifanya mazoezi ya kufundisha. Karibu kila mwanachuo mgeni hufanya jambo lile lile. Hueleza somo, huandika ubaoni, kisha hugeuka na kuuliza, "Mmeelewa?" Darasa zima huitikia, "Ndiyooo!" Naye huandika katika daftari lake kwamba somo limeeleweka. Sasa, ndugu msomaji, ni mtoto gani angethubutu kuitikia "hapana"? Swali lile limeundwa kwa namna ambayo haliwezi kuleta jibu baya. Kwa sura ni jaribio. Kwa kweli ni ombi la kusifiwa. Nilikuwa nikiwaambia wanachuo hivi: ukitaka kujua kama umefundisha, usimwulize aliyenyoosha kidole. Mtafute yule aliyejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, umpe chaki.

Nilidhani hekima hii ni ya walimu tu, mpaka mpwa wangu mmoja alipomaliza masomo yake na kuajiriwa mjini. Alikuja kutuamkia, na wazee waliokuwapo barazani wakamwuliza anafanya kazi gani. Akasema anapima programu za kompyuta.

"Yaani unazitengeneza?" nikamwuliza.

"Hapana, mjomba. Wenzangu wanatengeneza. Mimi natafuta mahali zinapovunjika."

Mzee mmoja alicheka sana. Akauliza kama siku hizi watu wanalipwa mshahara kwa kutafuta makosa ya wenzao, maana kijijini kazi hiyo inafanywa bure. Mimi nilitaka kusikia zaidi. Mpwa wangu akanipa mfano ambao hata asiyewahi kugusa kompyuta anaweza kuuelewa. Chukua fomu ya mkopo, alisema, inayotaka mwombaji awe na umri wa miaka 18 hadi 60. Aliyeiandika programu ataingiza 30, ataona imekubali, atafurahi. Yeye huingiza 17, kisha 18, kisha 60, kisha 61, kwa sababu makosa hupenda kukaa mpakani. Halafu huacha nafasi ile wazi. Halafu huandika jina la mtu mahali pa umri. Halafu huingiza hasi tano.

"Nani duniani ataandika kwamba ana umri wa hasi tano?" nikauliza.

"Hakuna, mjomba, mpaka siku atakapotokea. Aliyeandika programu anataka ifanye kazi. Mimi lazima nitake ishindwe, la sivyo hakuna atakayetaka."

Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko yanavyoonekana. Huyu binti hana chuki na wenzake. Anataka kazi yao ishindwe mezani kwake ili isishindwe mikononi mwa mtu asiye na hatia. Chuoni tulikuwa na desturi ya aina hiyo: mkufunzi aliyetunga mtihani hakuruhusiwa kuupitisha mwenyewe. Ulipelekwa kwa mkufunzi mwingine, aketi na kuufanya kama mwanachuo. Aliyetunga swali anajua alichokusudia, na kwa hiyo akisoma haoni yaliyoandikwa, bali huona aliyoyakusudia. Nyani haoni kundule, na hii si dharau kwa nyani. Ni maelezo ya mahali macho yalipowekwa.

Lakini hapa kuna ugumu ambao hatuna budi kuukabili. Mwanachuoni wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, mmoja wa waanzilishi wa elimu ya kompyuta, alifundisha kwamba kujaribu programu kunaweza kuonyesha kuwa kosa lipo, lakini hakuwezi kamwe kuthibitisha kuwa halipo. Hebu tupige hesabu ndogo. Chukua programu inayofanya jambo dogo kabisa: inapokea namba mbili na kuzijumlisha, na kila namba imehifadhiwa kwa tarakimu 32 za sifuri na moja, kama ilivyo kawaida katika kompyuta nyingi. Jozi zote zinazowezekana za namba hizo ni zaidi ya bilioni 18 zikizidishwa kwa bilioni moja. Ukiwa na mashine inayojaribu jozi bilioni moja kwa kila sekunde, bila kulala wala kula, utahitaji zaidi ya miaka 580 kuzimaliza. Hiyo ni kwa kujumlisha tu. Nini basi kwa programu inayoendesha benki au hospitali?

Kwa hiyo mpimaji hawezi kujaribu yote. Lazima achague. Na mahali popote mtu anapolazimika kuchagua, hapo maadili yameingia. Atachagua kujaribu mambo gani, na ni mambo gani atayaacha gizani? Na katika giza hilo, ni nani atakayekuwa amesimama?

Mfano unaonisumbua kuliko yote ni wa mashine iliyoitwa Therac-25. Ilitengenezwa na Atomic Energy of Canada Limited, kampuni ya serikali ya Kanada, kwa ajili ya kuwatibu wagonjwa wa saratani kwa mionzi. Mashine 11 zilifungwa katika hospitali za Marekani na Kanada. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, wagonjwa 6 walipigwa na mionzi mikali kupita kiasi, na baadhi yao walikufa kwa majeraha hayo.

Mashine zilizotangulia, Therac-6 na Therac-20, zilikuwa na vizuizi vya vyuma na umeme: mambo yakienda kombo, mionzi haikuweza kutoka hata kama programu ingeamuru itoke. Katika Therac-25, watengenezaji waliviondoa vingi vya vizuizi hivyo na kuikabidhi programu kazi ya ulinzi. Programu hiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na sehemu zake zilirithiwa kutoka mashine za zamani. Tathmini ya usalama iliyofanywa mwaka 1983 haikuihesabu programu kuwa chanzo cha hatari. Ilikuwa imetumika zamani bila ajali. Kwa nini itiliwe shaka?

Kosa lilifichuka kwa njia ambayo mwalimu yeyote ataitambua. Katika hospitali moja ya mji wa Tyler, jimbo la Texas, mwendeshaji wa mashine alikuwa mzoefu, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Mwezi Machi 1986 aliandika herufi X, ya eksirei, badala ya E, ya elektroni. Akaliona kosa lake upesi, akarudi juu, akalisahihisha, akaendelea. Yote hayo aliyafanya ndani ya sekunde 8, muda ambao mashine ilikuwa ikijipanga ndani kwa ndani bila kuangalia kilichobadilishwa. Kioo kikaonyesha kwamba mambo ni sawa. Ndani, mashine ilikuwa na nguvu kubwa ya eksirei, lakini kile kipande cha chuma kilichopaswa kuipokea nguvu hiyo hakikuwa mahali pake. Kompyuta ikatoa maneno mawili tu, "Hitilafu 54", bila maelezo yanayofaa. Mwendeshaji, aliyezoea mashine kusimama-simama kila siku kwa sababu ndogo ndogo, akabonyeza kitufe cha kuendelea. Mgonjwa akapigwa tena. Chombo cha kuzungumza naye chumbani siku hiyo kilikuwa kibovu, wala picha yake haikuonekana. Alikufa miezi kadhaa baadaye.

Wahandisi walikuja, wakaijaribu mashine, hawakuona kosa. Ikarudishwa kazini mwezi Aprili, na siku chache baadaye mgonjwa wa pili akaumia vivyo hivyo na kufa. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa hospitali ile akaketi pamoja na mwendeshaji yule, wakarudia hatua zake tena na tena, mpaka "Hitilafu 54" ikatokea mbele ya macho yao. Hata walipowaeleza watengenezaji, hao hawakuweza kuiona hitilafu hiyo mpaka walipoambiwa kuwa lazima mtu aandike kwa haraka. Walikuwa wameijaribu mashine kwa mwendo wa mtu anayejifunza. Aliyeumizwa aliumizwa kwa sababu mwendeshaji alikuwa ameiva katika kazi yake.

Na kuna nusu nyingine ya habari hii, inayowahusu wanaojifunza. Baada ya ajali za Tyler, mtaalamu mmoja wa fizikia huko Chicago alikumbuka kuwa Therac-20 yake ilikuwa na tabia ya ajabu. Kila darasa jipya la wanafunzi lilipoanza kuitumia, fyuzi ziliungua. Wanafunzi walipozoea, fyuzi zikaacha kuungua. Akaichunguza, akakuta ni kosa lile lile la programu. Lilikuwemo miaka yote, lakini kila lilipojitokeza, fyuzi ilikatika na hakuna aliyeumia. Wanafunzi, kwa kubonyeza vitufe ovyo ovyo kama wafanyavyo wanafunzi wote, walikuwa wakilifanya jaribio ambalo wakubwa hawakulifanya. Jibu la jaribio lile lilikuwa likitolewa kila mwaka, kwa sauti ya fyuzi iliyokatika. Hapakuwa na mtu wa kulisoma.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo ni pingamizi la haki. Mtu ataniambia: "Mwalimu, ukisubiri mpaka kila kitu kijaribiwe, mgonjwa wa saratani atakufa akingoja mashine. Kuchelewa nako kunaua." Ni kweli kabisa. Nimeishi katika nchi ambamo watu wengi wamekufa kwa kukosa mashine kuliko kwa mashine mbovu. Anayedai ukamilifu kabla ya kuanza atakaa bila shule, bila daraja na bila dawa. Sisemi kwamba asiyejaribu yote ametenda dhambi. Hakuna awezaye kujaribu yote, na ile hesabu ya miaka 580 imekwisha kutuambia hivyo.

Ninachosema ni kwamba, kwa kuwa hatuwezi kujaribu yote, tunawiwa na wenzetu mambo matatu. La kwanza ni kusema kweli juu ya tulichojaribu na tusichojaribu. La pili ni kuweka ulinzi mahali pale ambapo hatuna hakika, kama vile vizuizi vya vyuma vilivyowalinda wagonjwa wa Therac-20 bila wao kujua, na ulinzi huo uwe mkubwa kadiri madhara yanavyoweza kuwa makubwa. Programu ya kupigia muziki ikikosea, tutaudhika tu. Inayopima mionzi haina ruhusa hiyo. La tatu, na kwangu mimi ndilo kubwa, ni hili: siku mtu atakapokuja na kusema, "Nimeumia," tuyahesabu maneno yake kuwa ni jaribio jipya, tena jaribio ambalo hatukuwa na akili ya kulifikiria sisi wenyewe. Mmoja wa wagonjwa wa mwanzo wa Therac-25 alisema mara moja kwamba ameunguzwa. Aliambiwa kuwa jambo hilo haliwezekani.

Neno hilo, "haiwezekani", limetenda maovu mengi. Nchini Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon kwa hesabu za ofisi zake ndogo, nyingi zikiwa madukani vijijini na mitaani, zikiendeshwa na watu wa kawaida. Mara kompyuta ikaanza kuonyesha kwamba fedha zimepungua. Mkataba uliwataka waendeshaji walipe upungufu. Wengine walitoa akiba zao zote, wengine walifilisika. Walipopiga simu kulalamika, wengi waliambiwa kuwa ni wao peke yao wenye shida hiyo. Hadi mwaka 2015 watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa wizi au udanganyifu wa hesabu, na baadhi yao walifungwa gerezani, kwa kesi zilizotegemea takwimu za Horizon. Mwezi Desemba 2019 Mahakama Kuu ilitamka kwamba mfumo ule ulikuwa na kasoro ambazo ziliweza kuleta upungufu wa uongo katika hesabu, na kwamba jambo hilo lilikwisha kutokea. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu za watu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta za mamia waliobaki. Wengine walikuwa wamekwisha kufa kabla majina yao hayajasafishwa.

Jambo moja la kisheria katika kisa hiki linastahili kufikiriwa. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1984 ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta aonyeshe kwamba kompyuta hiyo ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilionekana kuwa usumbufu, likafutwa kwa sheria ya mwaka 1999. Tangu hapo mahakama ikaichukulia kompyuta kuwa nzima mpaka mtu alete sababu ya kuishuku. Mtu huyo angeitoa wapi sababu hiyo, ilhali vitabu vya makosa ya mfumo vilikuwa kabatini kwa mwenye mfumo? Mzigo wa kujaribu ulihamishwa kutoka kwa mwenye nguvu na kutwikwa mwenye duka dogo. Ile ndiyo dhuluma hasa. Kasoro katika programu ni jambo la kibinadamu. Kumfunga mtu ili programu ionekane haina kasoro ni jambo jingine kabisa.

Mambo haya yasidhaniwe kuwa ni ya Ulaya na Marekani. Leo hii mishahara yetu, matokeo ya mitihani ya watoto wetu, umeme wa nyumbani na fedha tunazotumiana kwa simu, vyote vinapita katika programu. Mama muuza mboga akisema fedha yake imepotea njiani, naye kijana wa dirishani akamjibu kwamba mtambo haukosei, kijana huyo anarudia neno lile lile la "haiwezekani". Pengine mama amekosea kweli. Watu hukosea kila siku. Lakini pengine yeye ndiye fyuzi inayoungua. Namna pekee ya kujua ni kuangalia, na kuangalia kunagharimu muda, na muda huo ndio tunaowanyima wanyonge kwa urahisi.

Kwa sababu hiyo namwona mpwa wangu kuwa ana kazi yenye heshima, ingawa wazee walicheka. Yeye hulipwa ili awe mtu wa kwanza kulalamika, kwa niaba ya watu asiowajua, kabla hawajaumia. Ili aifanye kazi hiyo kwa haki, anahitaji vitu ambavyo si vya kompyuta: ujasiri wa kumwambia mkubwa wake kwamba kazi haijawa tayari wakati tarehe imekwisha kutangazwa, na unyenyekevu wa kukubali kuwa orodha yake ya majaribio, hata ikiwa ndefu namna gani, ina mwisho. Wakubwa nao wana deni lao. Mpimaji anayeadhibiwa kwa kuleta habari mbaya atajifunza upesi kuleta habari njema, kama darasa linavyojifunza kuitikia "ndiyo".

Kwa hiyo nawasihi vijana wanaotengeneza vyombo hivi, na hata wanaotengeneza viti, madaraja, sheria na mitaala, maana hoja ni moja. Mkiulizwa, "Mmejaribu?", msijibu "ndiyo" peke yake, neno hilo ni jepesi mno kwa mzigo linaobebeshwa. Semeni: tumejaribu hili na hili, hili hatukuweza kulijaribu, na tumeweka kizuizi hapa ili likitokea lisimdhuru mtu, na atakayeumia aje, mlango hatujaufunga.